Waranti Iliyokaa Ndani ya Nailoni

Hapo zamani za kale, na msiniulize mwaka gani kwa maana wanyama hawakuwa na kalenda, Kiboko alifungua duka la baiskeli za mlimani, chini ya Mlima Kwerua, kando ya mto. Duka aliliita Kiboko na Wanawe. Wana hakuwa nao. Aliona tu jina linajaa vizuri ubaoni.

Yeye mwenyewe alitaka aitwe Injinia. Wanyama wakamwita Injinia, kwa sababu alikuwa mkubwa, na mdomo wake ukifunguka unaona mpaka alichokula jana.

Kila aliyenunua baiskeli alipewa ahadi iitwayo waranti.

"Waranti," Kiboko alieleza, "maana yake kitu kikivunjika ndani ya mwaka, natengeneza mimi, bure. Ila uilete hapa kwa sevisi ya kwanza, maana nyaya mpya hulegea na nati mpya hufunguka. Na fundi mwingine asiiguse."

Maneno mazuri. Hata mimi ningenunua.

Tatizo lilianza pale mtu alipoileta. Pundamilia alileta yake. Kiboko akaitazama, akajishika kichwa.

"Uuuwi! Tope hili la nini?"

"La njiani, Injinia."

"Waranti haivumilii tope."

Ngiri akaleta yake, ameisugua mpaka inang'aa. Kiboko akaizunguka mara moja, akaizunguka tena.

"Nailoni iko wapi?"

"Nailoni gani?"

"Iliyokuja imefungwa nayo. Umeitoa?"

"Nimeitoa, sasa ningekaaje juu ya…"

"Basi pole, ndugu yangu. Waranti ilikuwa humo humo ndani ya nailoni."

Habari ikapanda mlima upesi kuliko moto wa kiangazi. Tangu hapo hakuna aliyetoa nailoni. Wala hakuna aliyeendesha, kwa kuwa nailoni ya siti inateleza na ya pedeli inachanika. Tembo aliiweka yake sebuleni, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma, kile cha maua, na wageni walionyeshwa baiskeli kwanza ndipo wakapewa soda. Nyati alikwenda na yake gulioni, lakini ameibeba kichwani, kuikinga na tope.

"Bwana Nyati, hiyo baiskeli inakusaidia nini?" waliuliza wapita njia.

"Ina waranti," Nyati alijibu, jasho likimtiririka mpaka kwenye kwato.

Sasa huko juu kwenye majabali aliishi Bi Pimbi, mkunga. Ukimsimamisha kando ya chungu cha maharage, chungu kinamzidi kimo. Zamu yake ya upatu ilipofika alinunua baiskeli, akaichana nailoni palepale mlangoni, chraaa! Akapanda, akaondoka.

Kiboko akatabasamu. Mteja wa namna hiyo ni raha tupu: waranti yake imekufa kabla hajafika kona.

Lakini Bi Pimbi hakununua baiskeli aitazame. Ng'ambo ya mlima aliishi Mama Swala, mjamzito. Mimba yake iliyotangulia, uchungu ulipomshika, mkunga alipanda mlima kwa miguu, akafika mtoto ameshakufa. Mkunga huyo alikuwa Pimbi. Hakupenda kulisema, nami nimelisema mara moja, yatosha.

Kwa hiyo kila asubuhi alijizoeza njia ile, anapanda, anashuka. Mpaka siku moja akabana breki ya nyuma, breki ikamjibu: fyee. Gia nazo zikaanza kuruka zenyewe, ka-tak! ka-tak! Hakuna kilichovunjika. Nyaya mpya zimelegea, kama Injinia mwenyewe alivyosema zitalegea. Ila mteremko wa kwa Mama Swala hauna huruma na breki ya fyee, na tumbo la Mama Swala lilikuwa limeshashuka.

Akaikokota hadi dukani.

"Hodi, Injinia. Nimeleta baiskeli sevisi."

"Nailoni?"

"Nilishaitupa."

"Umeiendesha?"

"Ni baiskeli."

"Sikukuuliza ni nini! Nimekuuliza umeiendesha?"

"Nimeiendesha. Ndiyo maana inataka sevisi."

"Ehee! Umejihukumu kwa mdomo wako. Iliyoendeshwa haina waranti. Na isiyoendeshwa haina haja ya sevisi. Hiyo ni hesabu ya uinjinia, Bi Pimbi, wewe kazana na watoto wachanga."

"Kwa hiyo umewahi kuifanyia sevisi baiskeli ya nani?"

Kiboko akapiga mwayo. Mwayo wa kiboko, wanangu, ndio mwisho wa mazungumzo.

Bi Pimbi angeweza kuipeleka kwa fundi mwingine. Lakini hapo waranti ingekufa kweli, na siku fremu ikivunjika asingekuwa na baiskeli tena. Akarudi nyumbani anawaza. Njiani akapita kwa dada yake, aliyekuwa amenunua godoro jipya, akamwomba nailoni.

"Ya nini?"

"Nakwenda kuomba msamaha."

Siku ya gulio ilipofika aliiosha baiskeli, akaifunga ile nailoni ya godoro, usukani, siti, fremu, hata tairi, ikawa kama maiti ya mtu mwenye heshima. Akaisukuma mpaka mbele ya duka la Kiboko, ambapo wanyama wote walikuwa wamejaa, kila mmoja na baiskeli yake iliyofungwa.

"Injinia!" akapaza sauti. "Nimekuja kutubu."

"Mmesikia?" Kiboko akawageukia watu. "Anatubu!"

"Nilikosa kwa kutoyashika masharti. Nakuomba uyaseme tena, taratibu, watu wote wasikie, tusikosee tena."

Hakuna kitu Kiboko alikipenda kuliko watu wote kusikia. Akasimama, akasafisha koo. Hrrrm!

"Haiguswi na mkono wowote isipokuwa mkono wa duka! Na atakayeiendesha kabla ya sevisi, uharibifu wote ni juu yake!"

"Hata akiwa mkubwa?"

"Hata awe Simba!"

"Hata akiwa msomi?"

"Huyo ndiyo kabisa, maana anajua!"

"Ahsante, Injinia. Sasa moyo umetulia. Maana watu wanavyosema…"

"Wanasemaje?"

"Aa, yaache tu."

"Nasema, wanasemaje!"

"Wanasema Injinia anauza baiskeli kwa sababu kupanda hawezi. Si mimi, ni watu."

"Watu gani?"

"Watu tu. Wale wa kusema."

"Hata mimi nimesikia," akadakia Nyati kutoka chini ya baiskeli yake. Hakuwa amesikia chochote. Ila Nyati hapendi kupitwa na habari.

Kiboko akavimba. "Mimi? Mimi nisiweze? Lete hapa hiyo!"

"Injinia, ile breki ya nyuma imelegea, nilitaka…"

"Mkunga unifundishe mimi breki?"

"Hapana, Injinia. Panda."

Akapanda. Shokapu zikalia nyiiii. Bi Pimbi alitegemea mtu wa ukubwa ule ataanguka palepale, kofi moja la vumbi, watu wacheke, yaishe. Lakini Kiboko hakuanguka. Kutoka dukani kwenda mtoni ni mteremko, na baiskeli ikaanza kwenda.

"Anaweza!" watu wakashangaa.

"Naweza!" Kiboko akapiga kelele, kwa mshangao uleule.

Kisha akabana breki. Fyee.

"Pisheniii!"

Kapu la nyanya, pwaa! Banda la muuza vitunguu, kacha! Jiwe, kwang! Halafu mto: chubwiii!

Kiboko kuingia mtoni si ajali, ni kurudi nyumbani. Aliibuka hana hata mkwaruzo, maji yanamtoka masikioni. Baiskeli ndiyo iliyotolewa rimu ya mbele imepinda kama nane. Bi Pimbi akaitazama. Mto hakuupanga.

Na papo hapo Swala mume akaja mbio kutoka njia ya mlimani, ulimi nje.

"Bi Pimbi! Mke wangu! Uchungu umemshika!"

Bi Pimbi akautazama mlima, akaitazama rimu. Kwa miguu alishakwenda mara moja.

"Injinia," akasema, na sauti yake haikupanda wala haikushuka, "nani ameiendesha kabla ya sevisi?"

Kiboko akafungua mdomo. Safari hii ulikuwa mtupu.

"Lakini… lakini nailoni haikuwepo!"

"Ilikuwepo. Hata mto umeiona."

"Na wewe pia uliiendesha! Ulikiri!"

"Niliiendesha, ikarudi imelegea nyaya tu. Watu wameiona inafika hapa magurudumu yake ni mviringo. Aliyeikunja nani? Mkono wa nani ulioshika usukani?"

"Mkono wa duka," alisema Nyati. "Nimeona kwa macho yangu." Na mara hii alikuwa ameona kweli.

"Uharibifu wote juu yake!" akapaza Ngiri.

"Hata awe msomi!" akaongeza Pundamilia, ambaye alikuwa na kinyongo cha tope.

Kiboko akawatazama. Wateja wake wote walikuwa pale, na hakuna aliyekuwa akicheka.

"Niletee spana," akasema kwa sauti ndogo.

Na hapa ndipo hadithi hii inaponiudhi, kwa sababu kazi aliijua. Aliijua sana. Alitoa rimu mpya dukani akaifunga, akakaza nyaya, akabana nati moja baada ya nyingine, akatia cheni mafuta, akazisikiliza gia kwa sikio, tik, tik, tik, vidole vile vinene vikienda kama vya msuka mikeka. Mama lishe wa jirani aliyekuwa amebandika chai hata majani hajatia, baiskeli imesimama tayari. Siku zote alikuwa anaweza. Alikuwa hataki.

"Na waranti?" Bi Pimbi aliuliza, mguu mmoja juu ya pedeli.

"Ipo. Nenda."

"Waambie watu."

"IPO!" Kiboko akanguruma. "Nenda, mama, mwenzio anaumia!"

Bi Pimbi akaenda. Nyuma yake Nyati aliishusha baiskeli yake kichwani, akajipanga wa kwanza, na foleni ikarefuka hadi kwenye vitunguu vilivyomwagika.

Alipanda Kwerua, krr, krr, krr, gia zikimsikiliza. Kileleni hakupumzika. Akaushika mteremko, akabana breki, nayo ikashika: kwiii! Jiwe likapita kushoto, korongo likapita kulia, akaingia uani kwa Mama Swala vumbi halijamwahi.

Mama Swala alikuwa ameegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Umechelewa?" aliuliza bila kuyafumbua. Alikuwa anaogopa kuangalia.

"Sijachelewa. Shika bega langu. Hapana, inama zaidi, mimi ni mfupi. Haya, nikikwambia sukuma, sukuma."

Swala mume alipofika, anahema kama mvukuto wa mhunzi, mtoto alikuwa ameshasimama. Akaanguka. Akasimama tena, miguu minne ikienda kila mmoja upande wake.

"Wa kike," alisema Bi Pimbi, akifuta mikono. "Na wewe baba kaa chini, nisije nikakuhudumia na wewe."

Mama Swala alicheka, kisha akalia, kisha akaomba uji.

Hadithi inaishia kwenye uji huo, na funzo lake ni hili: anayetega mtego njiani akumbuke kwamba njia hiyo naye huipita.