Mkanda wa Kila Mtu

Jambo likimwangukia mwingine, huwa jepesi kulieleza. Methali moja husema hivyo kwa mfano wa mkuki.

Mwenyekiti wa kamati ya fedha bungeni hakuwa mtu mbaya. Aliamini kweli kwamba hazina imetoboka, na kwamba tiba yake ni kuwafutia wastaafu wa serikali matibabu ya bure. Asubuhi ya kura, dada yake, muuguzi mstaafu, alimfuata nyumbani. Figo zake zilikuwa zimechoka. Aliishi kwa mashine ya kusafisha damu.

"Mdogo wangu, ukinifutia matibabu umenizika."

"Dada, wakati ni mgumu. Kila mtu afunge mkanda."

"Niufunge wapi? Kiuno chenyewe kimeisha."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Mwenyekiti akatazama saa, akaondoka.

Bungeni, dada alikaa kwenye jukwaa la wageni, amekumbatia mkoba wake kama mtoto mgonjwa. Chini, mwenyekiti alinena maneno yakateleza kama mafuta. Wenzake wakagonga meza. Ndipo akasimama mbunge mmoja mwanamama, mtani wake wa siku nyingi aliyezoea kumwita shemeji.

"Shemeji yangu amesema kila mtu," alianza taratibu. "Basi naomba tuongeze mstari mmoja: sheria hii ituanzie sisi wabunge, leo na tukishastaafu. Au mkanda huu umeshonewa viuno vya wenzetu tu?"

Kikao kilikuwa kinarushwa redioni moja kwa moja. Kukataa ni kujivua nguo sokoni.

"Wanaoafiki nyongeza hiyo?" Spika aliuliza.

"Ndiyo," sauti chache zilijibu.

"Wasioafiki?"

Hakuna aliyekohoa. Nyongeza ikapita.

Mkono wa mwenyekiti ulikwenda wenyewe kifuani, penye moyo uliokuwa ukingoja upasuaji mwezi ujao, kwa gharama ya serikali. Juu, dada yake alifumba macho akisubiri kura ya mwisho.

"Mheshimiwa Spika," mwenyekiti alisema, "naomba kuiondoa hoja yangu. Nimetafakari. Matibabu ni... ni uhai wa mtu."

Meza ziligongwa kuliko mwanzo.

Walikutana kwenye ngazi. "Umeona, dada? Nimekuokoa."

"Umejiokoa, mdogo wangu. Mimi nimedandia tu."

Kweli, mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.