Vitambaa Masikioni

Kuna aibu inayomlinda mtu, na kuna aibu inayomla. Hiyo ya pili ndiyo waliyoikanya wahenga waliposema kuwa mficha uchi hazai: anayeona haya kuonyesha penye shida hapati wa kumsaidia. Kavindu wa Mumbuni aliijua methali hiyo vizuri, lakini alikuwa na hofu.

Hofu yake haikuwa bure. Mwaka uliopita daktari aliwaeleza kwamba binti yake, Kalondu, ana usonji, na ndiyo sababu kelele humuumiza na kutazamana na watu humtesa. Kalondu alipoomba kazi kwa mwenye duka moja mjini Machakos na kumwambia hayo, alijibiwa kwamba angepigiwa simu. Hadi leo simu hiyo haijalia. Basi binti alipoitwa kwa majaribio katika kiwanda cha nguo huko EPZ, eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, Athi River, mama alimkanya mlangoni.

"Hiyo maneno ya daktari usiseme. Ukisema, watakutoa."

"Sawa, Mwaitu," Kalondu akamjibu mama yake.

Kushona alikuweza, na kola zake zilinyooka. Kilichomshinda ni mngurumo wa cherehani, uliomchoma kichwani kama sindano. Siku ya mwisho ya majaribio aliokota mabaki ya kitambaa sakafuni, akayaviringa, akayatia masikioni chini ya kilemba chake. Alifanya kazi kwa raha kutwa nzima, na jioni akasahau kuyatoa.

Kiwandani humo kila mtu hupekuliwa langoni, na hata kipande cha uzi kikitoka nje ni wizi. Askari wa kike alipokifungua kile kilemba, vitambaa vikaonekana.

"Hii umetoa wapi?"

Kalondu akatazama chini. Alipoulizwa tena kwa ukali, alijiziba masikio kwa viganja, akaanza kuyumbayumba. Waliokuwa nyuma yake wakanong'ona kwamba mwizi hujulikana kwa macho. Msimamizi wake, Bi. Kanini, akaja akiwa amekunja uso.

"Niangalie nikiongea na wewe. Uliiba?"

Akisema, atatolewa kama mama alivyoonya. Akinyamaza, atatolewa akiwa na jina la mwizi, na jina hilo litamfuata kila kiwanda. Kalondu aliogopa mno.

"Sikuiba," alisema hatimaye. "Niko na usonji. Kelele inaniumiza, ndio nikaweka hiyo kwa masikio. Na sikuangalii kwa sababu inanishinda, si madharau."

Bi. Kanini alivigeuzageuza vile vitambaa mkononi. Uso wake ulilegea polepole.

"Mbona hukuniambia? Nilikuwa nimeshaamua kesho usirudi. Nikikuita huitiki, nikaona unanidharau." Akashusha sauti. "Vya kuziba masikio viko stoo, watu wa mashine ya kukata wanavaa kila siku. Kesho chukua vyako. Nakuongezea wiki moja. Ukishona vile unashona, kazi ni yako. Lakini kitambaa usiokote tena."

Nje ya lango, Kalondu alipiga simu nyumbani.

"Mwaitu, nimesema."

Kavindu alishtuka. "Wamekutoa?"

"Hapana. Walikuwa wananitoa kwa sababu sikusema."

Mama akalia kwa furaha na majuto. Hakika, mficha uchi hazai.