Mize na Jumba Lililojibu Chafya

Palikuwa na Sultani katika mji wa Kitopeni, jina lake Daruweshi, aliyelishtaki jumba lake mwenyewe. Kosa la jumba: utovu wa adabu. Alipiga chafya ukumbini, kuta zikairudisha kubwa kuliko alivyoitoa. Akapiga ya pili kwa nguvu zote. Kuta zikamshinda tena.

"Nani huyo anayenijibu?"

Waziri Mselemu, mtu aliyekuwa akiitika "naam" kabla hajaitwa, akasema, "Ni jumba, Maulana. Lina kiburi."

Jumba likafunguliwa kesi. Likaulizwa kama lina la kujitetea. Likanyamaza. Likahukumiwa kubomolewa.

Likabomolewa hadi msingi, na Sultani akahamia kwa Waziri. Kifusi je? Kikatupwa mtaa wa maskini, maana huko ndiko hutupwa kila ambacho wakubwa wamekichoka. Rundo zima likashukia kibanda cha Mize, mjane aliyekula kwa kuponda kokoto, na ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko nyundo yake. Mize alikuwa sokoni, akapona. Kibanda hakikuwa sokoni.

Sasa Sultani akataka jumba jipya lenye adabu. Mbiu ikapigwa: mchanga wote wa mtoni ni wa Sultani, hata chembe! Askari wakapangwa ukingoni. Ukitoka kuoga unakung'utwa nyayo, unachunguzwa masikio. Bwana mmoja alikuwa akila samaki, akasikia mchanga menoni, akaenda kujisalimisha mwenyewe.

Haijapoa, mbiu nyingine: asiyekuwa na nyumba ya mawe Sultani atakapohamia jumba jipya, atafukuzwa mjini, kwa kuwa vibanda vitamchefua akichungulia dirishani.

Mize akaenda barazani.

"Maulana, nyumba ya mawe nimeamriwa, mchanga nimenyimwa. Nijenge kwa kitu gani?"

"Kwa utiifu."

"Utiifu haushikani na chokaa, Maulana. Na kile kifusi kilichonilalia kibanda?"

"Usinitajie! Kile ni kisirani. Kitafune ukitaka!"

Mize akarudi mtaani, akakitafuna. Si kwa meno, jamani, kwa nyundo. Akaponda matofali, akaponda lipu, akauponda ukumbi wa Sultani wenye kiburi mpaka ukanyenyekea. Akachekecha. Kilichopita kwenye chekeche kilikuwa chembechembe mfano wa mchanga. Kilichobaki juu kikawa kokoto. Akatia chokaa na maji, akakoroga zege.

Majirani wakamcheka. Kisha wakamwangalia. Kisha wakaja na nyundo zao.

Kuta zikapanda, zikakauka, zikawa ngumu hata beberu mmoja wa mtaani, aliyezoea kupiga pembe nyumba za watu, akaacha tabia. Na kwa vile chumba cha kulala cha Sultani kilikuwa kimepakwa lipu ya waridi, nyumba ya Mize nayo ikatoka na uwaridi. Ikang'aa katikati ya mtaa kama bibi harusi aliyeketi jikoni.

Jumba jipya likaisha, Sultani akahamia. Asubuhi akafungua dirisha kutafuta wa kumfukuza. Akaiona ile nyumba. Chai ikampalia. Mize akaletwa na askari.

"Mwizi wewe! Umeniibia mchanga!"

"Si mchanga, Maulana. Ni jumba lako la zamani. Nimelisaga."

Baraza likakohoa ili lisicheke.

"Jumba langu? Basi nyumba hiyo ni yangu. Toka leo!"

"Uliniambia nikitafune kile kifusi."

"Nilisema ukitafune. Sikusema ukae ndani yake!"

"Kwani mgeni akila ubwabwa wako, Maulana, akanenepa, unene ule unakuwa wako?"

"Wangu! Na akikonda amenihujumu!"

"Naam," akasema Waziri, "kuna waliokonda makusudi."

Mize akapiga magoti. "Maulana, mimi sikusoma. Hebu nielewe vizuri, nisije nikakosa tena. Jiwe likisagwa likawa unga, ule unga ni wa nani?"

"Wa mwenye jiwe."

"Hata ukichukuliwa mbali?"

"Hata ukifika mwisho wa dunia."

"Na mwingine akiujengea kuta kwa jasho lake?"

"Kuta ni za mwenye jiwe, na aliyemo ndani ni mpangaji tu! Waziri, hiyo iwe sheria!"

"Imeshakuwa, Maulana. Hata nashangaa ilichelewa wapi."

"Inamhusu kila mtu?" akauliza Mize.

"Kila mtu! Mkubwa kwa mdogo!"

"Alhamdulillahi, nimeelewa. Na jumba hili jipya, Maulana, zuri mno, limejengwa kwa mchanga wa wapi?"

"Wa mtoni. Nani asiyejua?"

"Na mto unautoa wapi?"

"Milimani, mjinga wewe! Maji huko juu huyasaga mawe, yakawa unga, yakashuka nao mpaka..."

Sultani akakwama hapo, mdomo wazi. Maana milima ile yote ilikuwa ya Zumbe Shemhilu, mtawala mwenye mikuki mingi kuliko miti yake, ambaye Sultani akisikia jina lake tu humeza tende na kokwa.

Waziri, kwa mara ya kwanza maishani, hakusema naam.

Mize akainuka, akajifunga kanga yake sawasawa, akashika njia ya mlangoni.

"We Mize! Mize mama! Unakwenda wapi?"

"Milimani, Maulana, kumpa Zumbe hongera. Kapata jumba jipya, na mpangaji keshahamia."