Kitovu cha Sultani Tangai

Hapo zamani, mababu wa babu zetu walipokuwa bado watoto, katika mji wa Mtondoo uliojengwa kando ya mto mpana, alikuwako fukara mmoja jina lake Chande, na kazi yake ilikuwa kuchimba vyoo. Mali yake ilikuwa jembe moja, sururu moja, na mdomo ambao mkewe Saumu alimwomba kila asubuhi aufunge. Walikaa nyumba moja na mama yake Saumu, Bi Mize, mkunga mkongwe aliyevuka mto zamani akiwa msichana, na ambaye mikono yake iliwapokea nusu ya watu wa mji ule walipozaliwa.

Basi mwaka mmoja Sultani Tangai, mwenye mji, alishikwa na mapenzi ya nchi. Hilo si baya, nani asiyependa kwao? Akaamuru bendera ishonwe, ikashonwa. Akaamuru watu waimbe, wakaimba mpaka sauti zikawakauka. Lakini Waziri Badi, mtu mwenye pua nyembamba aliyoitunza kuliko alivyoitunza akili yake, akamwambia, "Seyyid yangu, nchi haipendwi sawasawa mpaka ijulikane ni ya nani." Ikawa mapenzi yamegeuka upelelezi. Ikapigwa mbiu kwamba kila mtu aonyeshe mahali kilipozikwa kitovu chake, na asiyeweza avuke mto kabla ya Ijumaa.

Sasa kitovu kilichozikwa miaka arobaini nani atakionyesha? Kimekwisha liwa na mchwa. Waziri naye hakupenda kuchafua mikono, kwa hiyo akaamua kutazama nyuso. Akaweka kiti sokoni, na mwenye pua kama yake akapita bila kuulizwa neno, lakini mwenye pua pana na ngozi nyeusi tititi akaambiwa, "Chako kiko ng'ambo, funga mizigo." Ilianza kwa kupenda nchi, ikaishia kwenye pua. Nami nasema ule ulikuwa wendawazimu mtupu, ila ulivaa kanzu safi na kushika kalamu, ndiyo maana hakuna aliyethubutu kuufunga kamba.

Bi Mize alipoambiwa avuke, wanaume wa mtaani wakampa Chande mkono. "Hongera, bwana! Sisi mama wakwe zetu hata serikali haituondolei."

Chande hakucheka. Saumu alikwisha sema, "Mama akivuka, navuka naye," na Saumu hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili. Tena yeye mwenyewe alimpenda yule bibi. Mwaka alioumwa homa akakata tamaa, ni Bi Mize aliyemlisha uji kijiko kwa kijiko huku akimtukana ili asife.

Chande akamkuta Bi Mize anakunja mkeka wake. "Mama," akamwuliza, "huyu Sultani si wewe uliyempokea?"

"Mimi, mwanangu."

"Na kitovu chake ulikizika wapi?"

Bi Mize akaacha mkeka. "Hilo nilimwapia marehemu mama yake. Sitalisema mpaka Sultani aniulize kwa kinywa chake mwenyewe."

Chande akakuna kichwa. Basi ikabaki kazi moja tu, kumfanya Sultani aulize. Akatwaa jembe lake akaenda barazani.

"Umekuja kutuchimbia choo, Chande?" akauliza Sultani, na watu wa baraza wakacheka, maana ndiyo kazi yao.

"La, Seyyid yangu. Nimekuja kumwombea mama mkwe."

Hapo wakacheka zaidi. Sultani akafuta machozi ya kicheko, akasema, "Haya, nichimbulie kitovu chake katika ardhi yangu nikione kwa macho, naye atakaa hapa mpaka afe."

"Nimesikia, Seyyid yangu. Mimi kuchimba ndiko nikujuako. Naomba ruhusa tu ya kuchimba popote penye haja, nisizuiwe na mtu."

Sultani, kwa kuwa alikuwa amefurahi, akaandika na kutia muhuri.

Asubuhi yake, Sultani alipoingia barazani alikuta kiti chake kimewekwa kando, zulia limekunjwa, na Chande yumo shimoni hadi kiunoni, anarusha udongo.

"Mwendawazimu wewe! Wafanyani?"

"Nafuata amri yako na desturi ya nchi, Seyyid yangu," akajibu Chande, na kuinua karatasi yenye muhuri. "Hapa Mtondoo mahindi mapya hayaliwi kabla hujayaonja wewe. Sikukuu hatunyoi kabla hujanyoa wewe. Je, kitovu cha mama mkwe wa mchimba vyoo kitangulie kuonekana kabla ya chako? Adabu hiyo iko wapi? Nitaanza na chako, kisha nimfuate yeye."

Watu waliokuja kutazama wakanong'onezana kwamba kweli, desturi ndiyo hiyo. Sultani akajikohoza. "Changu kiko bustanini, chini ya mkwaju. Babangu aliniambia."

Wakachimba chini ya mkwaju, hawakuona kitu. Waziri akasema labda ni penye kisima, wakachimba, wakatoa gae la chungu. Ikafika adhuhuri, na jumba zima limekuwa kama shamba la mihogo siku ya mavuno, na Sultani anatokwa jasho.

"Hakuna ajuaye?" akapiga kelele. "Aliyekizika ni nani?"

"Bi Mize," akasema Chande kwa upole.

Akaletwa na furushi lake kichwani, maana alikuwa njiani kwenda mtoni. Sultani akamwuliza kwa kinywa chake, "Bibi, kitovu changu kiko wapi?"

Bi Mize akatua furushi. "Kiko ng'ambo, mwanangu. Mwaka ule hapa palikuwa na ndui, mama yako akakimbilia kwetu. Ukazaliwa katika kibanda cha mama yangu, penye zizi la mbuzi, na kitovu kilipoanguka nikakizika chini ya mgomba. Ulipotimiza siku arobaini nikakuvusha kwa mtumbwi, nimekubeba mgongoni, ukaninyea. Mimi na wewe tuliingia nchi hii siku moja."

Mkono wa Sultani ukapanda taratibu mpaka puani, akaipapasa kama mtu aliyepewa jana. Chande akaliinua lile furushi, akampelekea kwa mikono miwili.

"Ijumaa ni kesho, Seyyid yangu," akasema. "Na kwa desturi, wewe ndiwe wa kutangulia."

Waziri akafumba macho akingoja upanga. Lakini Sultani alimtazama Bi Mize, akalitazama furushi, uso ukamwiva kwa haya, kisha kicheko kikamponyoka, akacheka mpaka akakaa juu ya kifusi. "Rudi nyumbani, mama," akamwambia. "Na wote waliovushwa waitwe warudi."

Akamgeukia Chande. "Na shimo hili la barazani?"

"Likiachwa litakuwa choo, Seyyid yangu. Mimi sijui kuchimba kingine."

Basi Sultani akaichukua ile karatasi ya mbiu, akaitupa shimoni, na Waziri Badi akapewa jembe alifukie mwenyewe, pua yake ikajaa vumbi hadi jioni. Chande akapewa kanzu mpya na ng'ombe wa maziwa. Na tangu siku hiyo, mtu yeyote wa Mtondoo akiulizwa ni kitovu gani kilichozikwa chini ya kiti cha Sultani, hujibu kwamba ni cha ile amri, nayo haikufikisha hata siku arobaini.