Kisaka na Joto la Katikati

Paukwa!

Pakawa!

Hee, mbona mnaitikia kama meno yanagongana? Sogeeni basi, maana hadithi ya leo ina baridi.

Hapo zamani za kale, juu mlimani ambako miti inakoma, pimbi waliishi pangoni. Mwaka mmoja theluji ikaanguka, ikaanguka, ikaanguka, hata mawe yakafukiwa. Pimbi wakabanana ndani, mgongo kwa mgongo, wakila majani ya akiba.

Walikuwa na desturi yao. Kila asubuhi mmoja hutoka kuangalia hali ya hewa, maana pango lilikuwa na kona na waliomo ndani hawakuona nje. Akirudi huwaeleza wenzake, kisha huwekwa katikati ya kundi, penye joto.

Siku ya kwanza akatoka Kisaka, kijana mwembamba. Maskini! Upepo ulimchapa mpaka masikio yakafa ganzi. "Ndugu zangu, theluji imefika kifuani!" Wakamweka katikati. Lo, utamu wa pale!

Siku ya pili akasema, "Nitatoka mimi tena." Wakamshukuru sana. Kisaka akatoa pua tu, akarudi. "Imefika shingoni!" Wakamweka katikati.

Siku ya tatu hata pua hakuitoa. Alijibanza konani kidogo, akarudi. "Imezidi! Msithubutu kutoka!" Wakamweka katikati. Kumbe nje jua limewaka, nyasi zinachungulia!

Siku ya nne akiba ikaisha. Bibi Makyao, bibi yake Kisaka, alikuwa hawezi hata kuinua kichwa kwa njaa. Akamsogezea mjukuu wake jani lake la mwisho.

"Kula, baba. Wewe ndiye unayeteseka na baridi kwa ajili yetu."

Kisaka akamrudishia bibi yake jani lile. Akatoka mbio, safari hii kweli. Jua! Nyasi! Akarudi na majani mdomoni, machozi yanamtiririka.

"Nisameheni. Siku mbili nimewadanganya. Sikutoka. Nje kuna nyasi!"

"Mwana hizaya wewe!" wakafoka, wakakimbilia malishoni. Kisaka akabaki akimtafunia bibi yake majani na kumlisha kidogo kidogo, mpaka nguvu zikamrudia.

Jioni baridi ikarudi. Kisaka hakungoja kufukuzwa. Alikwenda kulala mlangoni peke yake, kwa aibu. Bibi Makyao akajikokota, akaegemea mgongo wake.

"Bibi, rudi katikati, utakufa!"

"Nyamaza. Leo umetoka kweli, na desturi ni desturi. Kama wewe huji katikati, katikati itakuja kwako."

Wakaja mmoja mmoja, wengine bado wamenuna, wakambana Kisaka pande zote.

Basi jamani, ukiwa jicho la wenzako usijifumbe, maana mtapotea wote. Na aliyeungama kosa lake, msimwache mlangoni.

Hadithi nimeitua hapa. Mwenye baridi amsogelee jirani yake.