Sauti Yenye Adabu

Ndugu zangu, leo sina maneno mengi. Nataka mnifuate mpaka kwenye baraza moja, katika mji mdogo uliojengwa kandokando ya reli. Tukae hapo kidogo, tutazame, kisha turudi pamoja.

Palikuwa na mama mmoja, fundi wa cherehani. Mjane, umri umevuka hamsini, mtu wa swala tano. Cherehani yake ilikaa barazani, nyumba ya tatu kutoka msikitini, na hakuna aliyepita bila kumsalimu. Mji mzima ulimheshimu kwa ushonaji wake, lakini ulimheshimu zaidi kwa mdomo wake. Neno ukilifikisha kwake, limefika mwisho wa safari. Hajapata kusikika akimsema mtu.

Jirani yake, ukuta kwa ukuta, alikuwa mama wa namna nyingine kabisa. Mcheshi, sauti kubwa, akicheka kwake anasikika stesheni. Miaka tisa nyuma, kwenye harusi fulani, jirani huyu aliinua mikono ili acheze, na mshono wa kwapani ukaachia. Gauni alikuwa ameshonewa na fundi wetu. Mwingine angejisitiri akatoka. Yeye akainua mkono juu zaidi ili wote waone, akasema, "Hili limeshonwa na mtu aliyelala, na nadhani mpaka sasa hajaamka."

Ukumbi mzima ukacheka mpaka machozi. Fundi naye akacheka. Ungefanya nini? Unacheka. Lakini watoto wa mtaani wakamwita Fundi Usingizi, na jina hilo likakaa miaka miwili mitatu kabla halijachoka.

Jirani alisahau usiku uleule. Fundi hakusahau. Hakugombana, hakununa, na kila Ramadhani walipelekeana sahani za futari. Alilikunja tu lile neno vizuri, akaliweka chini kabisa ya sanduku la moyo, kama mtu anavyoweka kitambaa kizuri akingojea shughuli yake. Nani kati yetu hana kitambaa cha namna hiyo? Mimi ninacho. Nadhani na wewe unacho.

Sasa, yule jirani alikuwa na binti. Macho ya fundi yalipoanza kufifia, binti huyu alizoea kupita asubuhi kumtungia uzi kwenye sindano. Hakutumwa na mtu. Anatunga sindano saba, anazichomeka kwenye kimto chekundu, anasema, "Haya mama, za leo hizo," anakwenda zake. Alipofika miaka ishirini, akatoweka mjini karibu mwaka mzima. Na mnatujua sisi watu, msichana akitoweka. Tunaanza kuhesabu miezi. Mama yake akiulizwa alijibu kwamba amekwenda kwa bibi yake, basi, wala haongezi neno. Watu wapenda mzaha huwa hivyo: kwenye jambo la uchungu ulimi wao unakuwa mzito kama jiwe. Mji ukaujaza ule ukimya kwa maneno yake wenyewe.

Nje ya nyumba ile, fundi peke yake ndiye aliyeujua ukweli. Mwaka uleule alikwenda kuhani msiba kwenye kijiji cha mbali, akapita nyumba moja kuomba maji ya kunywa, akamkuta yule binti uani. Povu la sabuni limefika kwenye viwiko. Mbele yake amelala bibi kizee aliyepooza upande mmoja, hawezi kusema, hawezi kujigeuza, na binti anamwosha mgongo taratibu huku akimsimulia habari za mjini. Fundi alisimama pale mlangoni akasahau kiu. Aliporudi hakumwambia mtu, kwa kuwa yeye hakuwa mtu wa kuchukua habari za watu. Bibi akafa, binti akarejea, sindano saba zikaendelea.

Basi siku moja, saa nane mchana, mji umelala. Mnaijua saa hiyo. Jua limesimama juu ya mabati, hata kuku wamefungua midomo kivulini. Fundi alikuwa anashona pazia jeupe refu, linatoka chini ya sindano na kumwagika miguuni pake kama maziwa, halina mwisho. Mguu unakanyaga, gurudumu linazunguka, na macho yanafumba yenyewe na kufumbuka yenyewe. Hakuwa amelala wala hakuwa macho.

Hapo akasikia hodi. Walikuwa wageni wawili: mama mzee mwenye baibui lililopauka na mwanamume mfupi mwenye kofia. Wakakaribishwa, wakasalimiana, fundi akatoa shikamoo yake na mama mzee akaitikia marahaba. Yule mwanamume akakalia kigoda kibovu, kigoda kikayumba, akasema kwamba anaona fundi anashona nguo tu, samani hazimhusu. Wakacheka kidogo. Kisha mama mzee akasema shida yao. Yeye ni shangazi wa kijana mmoja mwalimu, na huyu ni mdogo wake, baba mdogo wa kijana. Kijana wao amempenda binti wa nyumba ya pili. Na binti naye, wameambiwa, hataki mwingine.

Mnajua desturi yetu. Kabla posa haijapelekwa, watu huja polepole kuwauliza majirani. Swali dogo, barazani, juu ya gilasi ya maji. Na jibu dogo linaweza kusimamisha nyumba, au kuizuia isisimame milele.

"Mwanangu," alisema mama mzee, "tumeambiwa wewe husemi watu, ndiyo maana tumekuja kwako na hatujakwenda kwa wengine. Kuna mwaka mmoja yule binti hakuonekana. Tunasikia mengi. Utakalosema wewe, sisi tutalichukua."

Mguu wa fundi ukasimama juu ya kikanyagio. Na katika ule usingizi usio usingizi, akaona kama watu wawili wengine wameingia barazani na kukaa upande huu na ule wa cherehani yake, watu ambao wageni hawakuwaona.

Wa kwanza alikuwa mwanamke nadhifu, ananukia udi, mtandio mweupe, tasbihi mkononi. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa laini kama hariri. Alimwambia kwamba mambo ya nyumba za watu si yake. Kwamba miaka yote amejilinda, hajasema jema wala baya la mtu, leo ataanzaje? Ulimi umewatia wangapi motoni? Asiseme lolote. Anyamaze, amwachie Mungu. Huo ndio uchamungu.

Wa pili, jamani, hata hodi hakubisha. Alikuja pekupeku, kanga imechakaa, nywele hazijachanwa, vumbi mpaka magotini. Hakuwa na salamu. Alisimama akamfokea, "Sema. Si ulimwona? Si ulisimama mlangoni ukamwona kwa macho yako? Mnafiki wewe, sema."

Fundi akashtuka moyoni. Tangu utotoni alifundishwa kwamba Shetani ana kelele, na kwamba hasira ni moto wake. Huyu mchafu mwenye matusi atakuwa ametoka wapi kama si huko? Akamgeuzia uso. Akamfuata yule aliyenukia udi.

"Mama yangu," akamwambia mgeni, na sauti yake mwenyewe ikatoka laini kama hariri, "mimi mambo ya nyumba za watu siyaingilii. Mungu ndiye ajuaye."

Nzi mmoja akatua kwenye pazia jeupe. Baba mdogo akamtazama dada yake, naye akatazama chini. Kisha mama mzee akakusanya baibui lake, akainuka taratibu.

"Ahsante, mwanangu," akasema. "Tumekuelewa."

Wakaaga, wakashuka barazani, wakaingia juani.

Fundi akauweka mguu kwenye kikanyagio, lakini gurudumu halikuzunguka. Wamenielewa? Mimi sijasema kitu. Hawa wameelewa nini?

Akageuka kumuuliza yule mwanamke nadhifu, aliyempa maneno yale. Akamkuta ametulia, amelegea, kama mtu aliyetoka kwenye karamu, anajilamba vidole kimoja kimoja. Na juu ya mapaja yake amekitandaza kile kitambaa cha miaka tisa, anakipapasa, anatabasamu. Shughuli yake ilikuwa imefika. Akamtazama yule mchafu, na sasa ndipo akauona uso wake vizuri. Hakuwa amekasirika. Alikuwa analia. Alikuwa analia tangu alipoingia, na zile zilizosikika kama kelele za matusi zilikuwa ni za mtu anayemwona mtoto ameelekea kisimani, na mwenye mtoto hageuki.

Fundi akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake. Akatoka pekupeku kwenye mchanga unaoungua, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, kitambaa cheupe cha pazia kimemnasa mguuni kinamfuata. Wageni walikuwa wamekaribia reli. Akawaita. Mtu ambaye mji haujapata kusikia akipaza sauti, akaita mpaka madirisha yakafunguka.

Alipowafikia hakuwa na pumzi. Akawaambia kwa vipande vipande: kijiji, uani, povu, bibi aliyepooza, mgongo ulivyooshwa. Kwamba binti yule mwaka mzima alikuwa anamgeuza bibi yake kitandani ili asioze. Kwamba yeye aliona kwa macho yake mawili, wakati bado yanaona.

Mama mzee alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, bila ukali, "Na pale barazani kwa nini hukusema?"

Ndugu zangu, hapa alikuwa na njia nyingi za kutokea. Angeweza kusema alisahau. Angeweza kusema aliogopa dhambi ya ulimi. Yule mwenye mtandio mweupe alikuwa bado nyuma ya sikio lake, akimpa majibu mazuri mazuri, yote yana heshima.

"Mama yake aliniudhi zamani," fundi akasema. "Nilitaka baya liwapate, na sikutaka ionekane ni mimi."

Baba mdogo akavua kofia, akajifuta jasho, akaivaa tena. Mama mzee akawa anamtazama fundi, huyu mama mtu mzima anayerukaruka mguu huu na ule kwa sababu mchanga unamuunguza.

"Sasa, mwanangu, umetupa watu wawili kwa siku moja," akasema. "Mmoja wa barazani, msafi, aliyetulia. Na mwingine huyu wa barabarani. Tumwamini yupi?"

"Mwaminini huyu mwenye aibu," fundi akajibu.

Mama mzee akaliweka sawa baibui lake. Kisha akamwambia ndugu yake wageuke, na akamwambia fundi atangulie mbele awapeleke nyumba ya pili, wakanywe maji kwa mama wa binti. Fundi akatangulia. Alipobisha ule mlango aliokuwa anaubisha kwa sahani za futari tu, alijua huko ndani kuna neno lingine zito la kusema, na safari hii ni la kwake mwenyewe.

Tuwaache hapo mlangoni. Sisi turudi kwetu.

Sisimulii habari za mama huyu ili tumcheke wala tumhukumu. Huenda alikuwa mwema kutuzidi wengi tuliokaa hapa. Wengi wetu tungebaki barazani tumalizie pazia. Nazisimulia kwa sababu tumezoea kufundishana kwamba uovu ndani ya mtu huja na pembe na moshi, kwamba tutautambua kwa ubaya wa sauti yake. Na kwa hiyo tumekaa langoni mwa mioyo yetu tunamngoja mtu mchafu, tunamfukuza kila mchafu anayekuja, na nyuma yetu mwenye mtandio mweupe ameshaingia, ameshakalishwa, ameshapewa mto wa kuegemea.

Uovu hauongei kwa matusi. Mtu wa swala tano ukimwambia kaibe, ataondoka mbio. Kwa hiyo anaambiwa maneno anayoyapenda. Anaambiwa subira, wakati anachofanya ni uvivu. Anaambiwa sitara, wakati kuna mtu anayeumizwa nyuma ya pazia hilo. Anaambiwa usiingilie. Na wema, jamani, wema mara nyingine huja umefungwa kanga mbovu, unatuaibisha mbele ya wageni, unatuita majina tusiyoyapenda. Tunaufukuza kwa sababu hauna adabu.

Basi msiiulize sauti iliyo ndani yenu inaongea vipi. Iulizeni swali moja tu: nikikutii wewe, nani ataumia, na mimi nitafurahi? Hilo haiwezi kulijibu kwa tasbihi. Na mkiona mmekwisha kuitii, mguu uko kwenye kikanyagio na wageni wameshashuka barazani, bado njia haijafungwa. Mchanga unaunguza, ni kweli, na watu watafungua madirisha. Kimbieni hivyohivyo, pekupeku.

Ndugu yangu, kuna mtu mmoja leo anangojea neno lako la kweli. Sina haja ya kukutajia jina, kwa kuwa limekujia wewe mwenyewe tangu tulipokuwa barazani. Na najua kuna sauti imeshaanza kukwambia kwamba jambo hilo si lako, kwamba umenyamaza vizuri tu miaka yote, usilichokonoe. Isikilize vizuri. Sikiliza ilivyo na adabu.