Jua Lilibaki, Mto Ukakatwa

Wanangu, sogeeni karibu. Mwenye mtoto anayelia amnyonyeshe tu, hatukatazani. Nina mfano.

Palikuwa na msichana mmoja wa kidato cha nne, yatima, aliyelelewa na shangazi yake. Kazi ya shangazi ilikuwa kuponda kokoto kando ya barabara. Mnaijua kazi ile? Mchana kutwa ko, ko, ko, hata mtu akilala mkono bado unaruka. Sare ya yule binti ilitoka kwenye kokoto. Kalamu ilitoka kwenye kokoto.

Basi shule ikatangaza shindano la insha, kichwa chake "Safari Yangu ya Masomo". Mshindi angeisoma mwenyewe siku ya wazazi, mbele ya mgeni rasmi. Sharti moja: maneno mia tatu, lisizidi hata moja. Mimi darasa sikuliona, lakini nimeambiwa huko maneno huhesabiwa kama mbuzi wakiingia zizini.

Msichana akaandika kwa moyo wake wote. Akaandika asubuhi ya mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mvua imenyesha, mto umejaa, daraja la magogo limechukuliwa. Watoto wengine wakarudi nyumbani. Shangazi akachuchumaa, akamwambia, "Panda mabegani." Wakaingia majini. Katikati shangazi akateleza, akanywa maji ya tope, akakohoa, lakini ile miguu ya mtoto hakuiachia. Binti akaingia kwenye mtihani magoti tu yamelowa.

Akamsomea shangazi jikoni. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

"Umeandika na nilivyoteleza?"

"Nimeandika."

"Na kile kiatu changu kilichokwenda na maji?"

"Kimo, shangazi. Wewe umo wote."

Weee! Tangu siku hiyo wenzake wa kokoto hawakupumua. "Nyie pondeni tu," anawaambia, "mimi nitasomwa kwa kipaza sauti."

Mwalimu alipoipokea ile insha akatikisa kichwa. "Ni nzuri, lakini imezidi sana. Kapunguze."

Akaketi apunguze. Apunguze nini? Pale mwanzoni palikuwa na jua: "Jua lilichomoza mashariki kwa madaha, ndege wakitumbuiza matawini, umande ukimetameta kama lulu." Maneno hayo walikaririshwa darasa zima, na mwalimu huyapenda, huyapa alama. Atakataje alama? Akaliacha jua. Palikuwa na methali tatu. Akaziacha, insha bila methali ni mboga bila chumvi. Palikuwa na shukrani kwa mwalimu mkuu, na bodi ya shule, na mgeni rasmi ambaye hata jina lake alikuwa hajalijua. Hao nao, nani angethubutu kuwagusa?

Ukabaki mto.

Akakata kiatu. Akakata kuteleza. Hesabu bado inakataa. Akajiambia, shangazi ni wa nyumbani, ataelewa. Mnalijua neno hilo, wanangu? Wa nyumbani ataelewa. Akavuta mstari juu ya mto wote na aliyeuvuka, na mahali pake akaandika: "Nilipitia changamoto nyingi." Mbuzi wakatosha zizini.

Akashinda.

Siku ya wazazi ikafika. Shangazi amekuja na leso ya kuazima, amekaa benchi la mbele na jirani yake. Kule kuponda mawe kulikuwa kumemharibia sikio moja, kwa hiyo ameuweka mkono nyuma ya sikio zima. Binti akaanza. Jua likachomoza, ndege wakatumbuiza. Shangazi akamgusa jirani kwa kiwiko: "Tulia, mto unakuja."

Binti akafika pale. "Nilipitia changamoto nyingi," akasoma, na bila kutaka akainua macho. Shangazi ameinama mbele, mkono sikioni, bado anangoja.

Akamaliza. Makofi yakapigwa, na aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni yule wa leso ya kuazima. Binti akiwa anashuka na zawadi yake, akamsikia jirani akiuliza, "Mbona wewe hukutajwa?"

"Nimetajwa," shangazi akajibu. "Kile ni Kiswahili cha shule. Wewe utakisikia wapi?"

Walipokuwa wanarudi nyumbani shangazi akauliza taratibu, "Mwanangu, pale pa mto nilisinzia, au?"

"Maneno yalizidi, shangazi."

"Aa. Yalizidi." Wakatembea. "Lile jua lilikuwa zuri."

Na siku ile ya mto, wanangu, jua halikuwapo.

Binti akaanza kulia. "Tukifika nitakusomea ile ya kwanza. Yote, bila kukata."

Shangazi akampangusa uso kwa kiganja chake cha mawe. "Usilie. Mimi mto ule ninaujua, ni mimi niliyeuvuka. Nilitaka wausikie wale."

Na wale walikuwa wametawanyika, kila mmoja amekwenda kwake. Siku ya wazazi hairudishwi. Yule binti alikuja kusoma akafika mbali, akaandika mengi asiyowekewa hesabu, lakini benchi lile hakulipata tena.

Sasa tusimcheke mtoto wa watu. Sisi je? Tunasimama hapa kushuhudia, tunaanza na jua na ndege. Wakubwa waliotutembelea mara moja tunawataja mmoja mmoja, na vyeo vyao. Tukifika kwa aliyetubeba tunasema "nilipitia mengi", tunaketi. Mume anamshukuru kila mtu kwenye harusi ya binti yake, aliyempikia miaka yote ni "na wengineo". Tunangoja mtu alale kwenye jeneza ndipo tumsomee mto wake, na sikio lenyewe limeshafungwa.

Na Mungu je? Huyo naye hakutuvusha? Kule katikati, maji yalipofika kifuani, nani hakuiachia miguu yetu? Halafu tunamwita kwa majina marefu mazuri, ila mto wenyewe hatuutaji mbele ya watu. Tunasema ataelewa.

Ataelewa, wanangu. Shangazi naye alielewa. Kuelewa siyo kwamba hakuumia.

Basi kabla hatujafunga kwa sala, geuka utazame mabenchi haya. Kama aliyekuvusha yumo humu, simama umtaje, na kiatu chake usikisahau. Mkono bado uko sikioni.